Louisville ina watu wangapi? Jiji moja, hesabu nne

Kwa mujibu wa sensa ya Marekani ya 2020, jiji la Louisville katika jimbo la Kentucky lina watu 633,045, na jiji la Atlanta lina watu 498,715. Aliyewahi kukwama kwenye foleni ya magari ya Atlanta atasema mchapaji amekosea. Hakukosea. Namba zote mbili ni sahihi, ila ukizibeba hivyo hivyo zitakupoteza, maana Atlanta na viunga vyake ina watu zaidi ya milioni 6, ilhali Louisville na viunga vyake haifiki milioni moja na nusu.

Watu wa takwimu wanaifahamu sana hadithi hii, na wengine tunaipita tu tunaposoma orodha za "miji mikubwa ya Marekani". Louisville ni mfano mzuri wa kuifumbua kwa sababu ni jiji la wastani: si Chicago, si kijiji. Tena ni jiji ambalo jina lake siku hizi linatajwa mara nyingi kwa Kiswahili. Familia nyingi za Wakongo zilizokaa miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu kule Kigoma zilipangiwa Kentucky zilipohamishiwa nchi ya tatu. Ndugu walioachwa nyuma huuliza: huko mlikopelekwa ni mji mkubwa au mdogo? Jibu la kweli linaanzia mtoni.

(Kuhusu jina: wenyeji humeza nusu ya herufi, wakatamka kitu kinachokaribia "Lu-a-vol". Ukilitamka kama lilivyoandikwa, wanajua papo hapo kwamba umefika juzi.)

Mahali mashua zilipokwama

Mto Ohio una urefu wa kilomita zipatazo 1,580, kutoka Pittsburgh hadi unapoingia Mississippi. Katika njia yote hiyo, na hata ukiendelea na Mississippi mpaka Ghuba ya Meksiko, palikuwa na kizuizi kimoja tu cha asili kilichosimamisha vyombo: miporomoko ambapo mto unashuka kama mita 8 ndani ya kilomita tatu hivi. Usifikirie maporomoko ya kupigia picha. Ni ngazi ndefu ya miamba ya chokaa, mabaki ya matumbawe ya bahari iliyokuwa hapo miaka milioni 390 hivi iliyopita. Maji yakipungua, visukuku vya matumbawe hayo huonekana wazi upande wa Indiana.

Nahodha aliyefika hapo alikuwa na mambo mawili ya kufanya: kusubiri maji yajae, au kushusha mzigo, kuubeba kwa mikokoteni na kuupakia tena chini ya miporomoko. Panapo shughuli ya kupakua na kupakia hapakosi wapagazi, maghala, nyumba za kulala wageni na madalali. Ndivyo mji ulivyozaliwa. Mwaka 1778 George Rogers Clark alifika na askari wake pamoja na familia kadhaa za walowezi, wakapiga kambi kwenye kisiwa kidogo juu ya miporomoko. Mwaka 1780 mji ulipata hati yake, ukapewa jina la mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, aliyekuwa akiwasaidia Wamarekani vitani dhidi ya Uingereza.

Mwaka 1830 ulifunguliwa mfereji wa kuikwepa miporomoko. Ungedhani mji unaoishi kwa kubeba mizigo ungekufa siku hiyo, lakini mfereji ulikuwa mwembamba, meli za mvuke zikazidi kukua, na kubwa zaidi ziliendelea kukwama. Mji ukapata faida ya wanaopita na ya wanaokwama. Sehemu ya faida hiyo ilikuwa ya damu: Louisville ilikuwa soko la watumwa, na watu wengi walipakiwa kwenye meli hapo kupelekwa mashamba ya pamba ya kusini. Ng'ambo ya mto, Indiana, utumwa ulikuwa marufuku. Maji yale yale yaliyobeba mzigo yalikuwa pia mpaka kati ya mtumwa na mtu huru, ingawa aliyevuka bado angeweza kusakwa na kurudishwa.

Mpaka ulio majini

Kwa kawaida mto ukiwa mpaka, kila upande hupata nusu. Hapa sivyo. Kentucky ilipokuwa jimbo mwaka 1792 ilirithi mto karibu wote, hadi pale maji yalipofika upande wa kaskazini wakati wa kiangazi. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ililirudia jambo hili mwaka 1980: mpaka ni mstari wa maji ya mwaka 1792, si wa leo. Mabwawa yamekwisha kuinua kina cha mto tangu enzi hizo, kwa hiyo mstari wenyewe sasa umezama, mahali pengine mbali kidogo na ukingo wa Indiana. Anayeogelea kutoka upande huo ataingia Kentucky kabla hajachoka.

Kwenye karatasi, basi, Louisville inakomea mtoni. Kwenye maisha haikomei. Ng'ambo kuna Jeffersonville, Clarksville na New Albany, miji yenye mameya wake, sheria za Indiana na namba za magari za Indiana, ambayo watu wake huamka asubuhi wakavuka daraja kwenda kazini. Kaunti mbili za ng'ambo (kaunti ni kama wilaya ndani ya jimbo), Clark na Floyd, zilihesabiwa watu zaidi ya laki mbili kwa pamoja mwaka 2020. Wenyeji wameyaunganisha majina ya majimbo mawili wakapata "Kentuckiana", neno lisilopendeza sikioni lakini lenye kazi.

Kama unataka ushahidi kwamba hili ni jiji moja, acha ramani uangalie saa. Hadi mwaka 2006 sehemu kubwa ya Indiana haikuwa ikisogeza saa mbele majira ya kiangazi kama majimbo mengine. Kaunti za Clark, Floyd na Harrison zilikuwa zikisogeza kinyemela, kinyume cha jimbo lao, kwa sababu bila hivyo mfanyakazi angeondoka nyumbani saa mbili na kukuta ofisini ni saa tatu. Uhusiano wa riziki uliwashinda wabunge wa jimbo kule Indianapolis.

Ushahidi mwingine ni madaraja. Mnamo Septemba 2011 daraja la Sherman Minton, linalounganisha New Albany na magharibi ya Louisville, lilifungwa ghafla baada ya nyufa kugunduliwa kwenye chuma chake. Lilifunguliwa tena Februari 2012. Katikati ya hapo eneo zima lilisongamana kwenye madaraja mawili yaliyobaki. Baadaye yaliongezwa mawili mapya, moja mwishoni mwa 2015 na jingine mwishoni mwa 2016, na pamoja nayo ikaja tozo ya kuvuka, ambayo mpaka leo ni mada ya kulalamikia mezani. Kuna na daraja la zamani la reli, Big Four, ambalo sasa ni la waenda kwa miguu na baiskeli. Hilo halina tozo.

Jiji lililomeza kaunti yake, likabakiza punje

Sasa turudi kwenye zile 633,045, maana hapa ndipo penye fundo.

Mwaka 1960 Louisville ilikuwa na watu 390,639. Ikafika 2000 na watu 256,231 tu. Hapakuwa na vita wala njaa. Watu walihamia vitongojini, nje ya mpaka wa jiji lakini ndani ya kaunti ile ile ya Jefferson. Kaunti nzima mwaka huo ilikuwa na watu 693,604. Waliohama, wengi wao Wazungu wa tabaka la kati, walienda na kodi zao. Na ili jiji lisiwafuate kwa kupanua mipaka, vitongoji vingi vilijiandikisha kuwa miji kamili. Vingine vina watu wachache mno kiasi kwamba meya anaweza kuwafahamu wote kwa majina. Miji midogo ya aina hiyo ndani ya kaunti moja ilizidi themanini.

Viongozi walijaribu kuunganisha jiji na kaunti, wapiga kura wakakataa mwaka 1982, wakakataa tena 1983. Mwaka 1986 pande mbili zilikubaliana kugawana kodi ya mishahara na kuacha kunyang'anyana maeneo. Hatimaye, Novemba 2000, asilimia kama 54 ya wapiga kura walikubali, na tarehe 6 Januari 2003 jiji na kaunti vikawa serikali moja yenye meya mmoja na madiwani 26.

Siku moja kabla Louisville ilikuwa imepitwa na miji zaidi ya sitini. Siku iliyofuata ikajitangaza kuwa ya 16 kwa ukubwa Marekani. Hakuna mtoto aliyezaliwa zaidi, hakuna nyumba iliyoongezwa. Kalamu tu ilitembea.

Idara ya sensa haikukubali hesabu hiyo yote. Sababu ni ile miji midogo. Muungano haukuifuta: ilibaki na mameya wake, baadhi na polisi wake, kama Jeffersontown, St. Matthews na Shively. Watu wake humchagua meya wa Louisville, wakamchagua na wa kwao. Kwenye bahasha huandika "Louisville". Sensa inasema mtu hawezi kuhesabiwa katika miji miwili, hivyo inawatoa. Kaunti nzima ya Jefferson mwaka 2020 ilikuwa na watu 782,969. Ondoa watu 149,924 wa miji hiyo, utabaki na 633,045, kundi ambalo sensa yenyewe huliita "salio". Ni jiji la ajabu kidogo, ramani yake ina matundu kama wavu wa dagaa ulioliwa na panya.

Na hata ndani ya hilo salio kuna mstari mwingine. Mipaka ya jiji la zamani haikufa. Imegeuka kuwa mipaka ya huduma. Walio ndani yake huzolewa taka na serikali, huwashiwa taa za barabarani, wana zimamoto wa jiji, na hulipa kodi ya majengo kubwa zaidi. Walio nje hujitegemea kwa makampuni binafsi na vikosi vya zimamoto vya maeneo yao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "ninakaa mjini hasa", pengine anazungumzia lori la taka.

Swali la nani alinufaika na muungano halijafungwa. Watetezi walisema jiji lenye sauti moja lingevutia waajiri. Wapinzani, wengi kutoka magharibi mwa mji, walikuwa na hesabu yao: Weusi walikuwa theluthi moja ya jiji la zamani, lakini chini ya moja ya tano ya kaunti. Jiji likipanuka, kura yao inapungua uzito bila mtu yeyote kuhama. Mimi naiona hoja hiyo kuwa nzito kuliko ile ya nafasi ya 16, ambayo mwishowe hata sensa haikuitambua.

Magharibi na mashariki

Magharibi ya Louisville ni tambarare, uwanda uliojengwa na mchanga wa mto. Mashariki ardhi inainuka, vilima vya chokaa na mabonde ya vijito. Kusini kulikuwa na kinamasi kilichokaushwa, na mbele yake vilima vyenye misitu. Tofauti ya urefu si kubwa, lakini Januari 1937 ilitosha. Mvua iliyonyesha karibu mwezi mzima iliujaza Ohio kuliko wakati wowote katika kumbukumbu, zaidi ya nusu ya jiji ikafunikwa na maji, na watu wapatao 175,000 wakayahama makazi yao. Baadaye ukajengwa ukuta wa kuzuia mafuriko wenye matuta ya udongo, zaidi ya kilomita 40. Wenye uwezo, hata hivyo, hawakusubiri ukuta. Walipanda mashariki, wakajenga huko.

Lakini usimtwishe mto lawama zote, maana mgawanyiko ulikuwa umekwisha kupangwa. Mwaka 1914 jiji lilipitisha sheria ya kumkataza Mweusi kuhamia mtaa wenye Wazungu wengi, na kinyume chake. William Warley, kiongozi wa haki za Weusi mjini hapo, akanunua kiwanja kwa Mzungu Charles Buchanan kwa makusudi ya kuijaribu sheria hiyo mahakamani. Novemba 1917 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliifuta, majaji wote wakikubaliana. Ajabu ni kwamba walijikita katika haki ya mwenye mali kuuza mali yake zaidi ya usawa wa watu. Sheria ikaondoka na desturi ikabaki: mikataba kati ya majirani ya kutowauzia Weusi nyumba, kisha ramani za miaka ya 1930 zilizopaka rangi nyekundu mitaa ambayo mikopo ya nyumba haikutakiwa kufika. Mwaka 1954 familia ya Weusi ilipopata nyumba Shively kupitia marafiki Wazungu, nyumba ililipuliwa kwa baruti.

Leo mpaka unaotajwa ni barabara ya Ninth Street, pana kupita mahitaji yake, inayotenga katikati ya mji na magharibi. Ng'ambo yake, katika nyumba ndogo ya Grand Avenue, alikulia mtoto aliyezaliwa Januari 1942 na ambaye Kinshasa ilikuja kumwimbia usiku mzima Oktoba 1974. Muhammad Ali amezikwa Louisville, mashariki, kwenye makaburi ya Cave Hill. Tangu 2019 uwanja wa ndege una jina lake.

Viunga: nani huamua?

Hesabu ya nne, baada ya jiji la zamani, salio na kaunti nzima, ile inayokaribia milioni 1.3 kwa mwaka 2020, si ya meya yeyote. Hupangwa na ofisi ya serikali kuu inayosimamia bajeti, na kanuni yake ni ya kazi na safari. Chukua kaunti yenye kitovu cha mji. Kisha angalia kaunti jirani: ikiwa angalau robo ya wafanyakazi wanaoishi humo huenda kufanya kazi kwenye kitovu, au robo ya kazi zake hufanywa na watu watokao kwenye kitovu, inaingizwa. Nzima nzima, pamoja na mashamba yake ya mahindi na farasi. Ndiyo maana Henry na Spencer, kaunti za mashamba huko Kentucky, zimo ndani ya "jiji", sawa na Oldham ya matajiri na Bullitt inayojaa nyumba mpya upande wa kusini. Safari za watu zikibadilika, orodha hubadilika, na kila baada ya sensa kaunti huingia au kutoka. Anayelinganisha viunga vya 2000 na vya 2020 bila kuangalia orodha analinganisha vitu viwili tofauti.

Hesabu hii ndiyo anayoitazama mwekezaji, na kwa Louisville ina maana kuliko zile nyingine. Kwenye uwanja wa ndege ipo Worldport, kituo kikuu cha ndege za mizigo cha UPS, kinachoajiri maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wakifanya zamu ya usiku kuchambua vifurushi. Sababu ya kampuni kuwa hapo inafanana na ya wale manahodha: ni mahali pa kupakua na kupakia, ila safari hii kinachohesabika ni kwamba kutoka hapo ndege hufika sehemu kubwa ya nchi kwa saa chache. Ford nayo ina viwanda viwili vya magari. Mfanyakazi wa zamu anaweza kuwa anatoka Jefferson, Bullitt au Indiana. Sheria ya robo inamkamata popote alipo.

Na anaweza kuwa anatoka Fizi, mashariki mwa Kongo. Mitaa ya kusini, ambako kodi ya nyumba ilikuwa nafuu, imepokea wageni kwa mawimbi: Wabosnia miaka ya 1990, kisha Wasomali, Wakyuba ambao ni wengi kweli, na Wakongo. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha za nyumbani za wanafunzi wa shule za umma za Jefferson. Mzee aliyekaa Nyarugusu miaka kumi na tano akipewa nyumba huko huhesabiwa katika jiji, katika kaunti na katika viunga kwa pamoja, mara tatu bila kusogea. Mpwa wake aliyevuka daraja kupanga Jeffersonville anahesabiwa mara moja tu, kwenye viunga.

Upande wa lugha hesabu yao ni tofauti kabisa. Utafiti wa kila mwaka wa idara ya sensa unauliza lugha inayosemwa nyumbani, na tangu takwimu za 2016 jedwali lake lina kapu moja lililoandikwa "Kiswahili au lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini". Mzee akijibu Kibembe, mkewe Kiswahili, na jirani yao Kinyarwanda, wote watatu wanatua kwenye kapu hilo hilo.